Akifa Tunalipa

Mimi si mtu wa kunyamaza. Waulize majirani zangu hapa Umoja, watakwambia siku ya maji ikifika na mifereji ibaki mikavu, sauti ya kwanza kusikika mtaani ni yangu. Kwa hiyo mume wangu alipoanza kunyamaza, mimi nilidhani ananifanyia maringo.

Yeye ni dereva. Anaendesha lori la mikate, anapakia kiwandani alfajiri, kisha anazungukia maduka ya Baba Dogo na Lucky Summer mpaka huku kwetu. Miaka yote hiyo alikuwa mtu wa mdomo kunishinda mimi. Akifika mlangoni tu anaanza kuniigizia wenye maduka: yule anayebofya kila mkate kama anachagua parachichi, yule ambaye kila asubuhi anaapa kwamba jana alipunjwa. Nilicheka mpaka nikaunguza mboga. Kisha ikaja siku akaingia, akaketi kwenye kochi na viatu vyake, akakaa kimya. Kesho yake vivyo hivyo. Viatu havivui mpaka nimwambie. Anakaa ukingoni mwa kochi kama mtu aliye kwenye foleni anangoja kuitwa jina.

Usingizi ukamhama. Chakula akawa anakichokora tu. Watoto wetu wawili wako shule za bweni, kwa hiyo tulibaki sisi wawili na televisheni, na hata hiyo televisheni alikuwa haangalii. Nikamuuliza, "Baba watoto, nini mbaya?"

"Tumbo," akasema.

Basi tukashika njia ya tumbo. Kazini kwao wamepewa bima, na kadi yake ninaitunza mimi kwenye pochi pamoja na kitambulisho changu. Tukaenda kliniki inayopokea kadi hiyo, huko Komarock. Daktari wa kwanza akasema vidonda vya tumbo. Wa pili naye vidonda vya tumbo. Mji huu wetu ndivyo ulivyo: mtu akikosa usingizi ana vidonda, akikosana na mkewe ana presha. Akapewa dawa za maji nyeupe, za vidonge, za unga wa kukoroga. Ikaingizwa kamera kooni mwake ikatafute hivyo vidonda. Haikupata kitu. Baada ya muda ikaingizwa tena, kuhakikisha kwamba kweli haikupata kitu. Mara zote mbili bima ililipa bila hata kukohoa. Nakumbuka nikiisifu kwa wanawake wenzangu kanisani, nikiwaambia hii kampuni imetumwa na Mungu.

Daktari wa tatu alikuwa binti mdogo, umri wa kuzaliwa na mimi. Hakumgusa tumbo. Aliweka kalamu chini, akamtazama, akamuuliza, "Mzee wangu, ukiamka asubuhi, unaona kuna haja ya kuamka?"

Mume wangu alitazama sakafu. Kisha akasema, "Haja ya nini?"

Tumeoana miaka, tumezaa, tumezika wazazi pamoja, na sikuwahi kusikia sauti hiyo ikitoka kwake. Haikuwa ya hasira wala ya huzuni. Ilikuwa ya mtu anayeuliza kweli, anataka ajibiwe.

Daktari akataja jina la ugonjwa kwa Kizungu, kisha akalitafuta kwa Kiswahili akalipata: sonona. Akasema si kichaa, si laana, si uvivu. Akasema unatibika kwa dawa na kwa kuongea na mtaalamu, ila tusichelewe. Alirudia hilo la kutochelewa akinitazama mimi.

Tukaenda pale mbele kwa mhudumu wa kadi. Akaandika, akangoja, akaandika tena. "Imekataa," akasema.

"Imekataaje? Juzi imelipa kamera."

"Kamera ni sawa. Hii ya akili imekataa. Piga simu kwa bima uwaulize."

Nilipiga simu nikiwa nimekaa kwenye benchi la hapo nje, mume wangu kando yangu na mikono juu ya magoti. Akapokea msichana mwenye sauti ya asali. Nikamweleza. Akasema, "Pole sana mama. Hiyo haiko kwa kava yenu."

"Tumbo iko?"

"Iko, mama."

"Macho?"

"Iko. Na meno ya kung'oa iko."

"Na akili?"

"Akili haiko, mama."

Hasira ilikuwa imeshanipanda kichwani, na mimi nikikasirika mdomo hautafuti ruhusa. Nikamuuliza, "Sasa akinifia je?"

Nilitaka aone haya. Lakini msichana wa watu alichukua swali langu kama swali. Nikasikia vidole vyake kwenye kompyuta, kisha akanijibu kwa furaha, kama mtu ambaye hatimaye amepata jambo la kunisaidia nalo. "Akifa tunalipa, mama. Ya mazishi iko kwa kava, na tunaituma haraka sana. Kuna lingine ningekusaidia?"

Simu ilibaki sikioni mwangu nikiwa sina la kusema. Mimi, wa kukosa la kusema. Mume wangu akauliza, "Wamesemaje?" Nikamwambia wamesema tungoje. Sijui kwa nini nilimwambia hivyo.

Nikaanza kutafuta. Wataalamu wapo, Nairobi haikosi kitu, lakini wengi wako upande ule mwingine wa mji, na bei ya saa moja ya kuongea ilikuwa bei ya chakula chetu cha mwezi. Mmoja aliponitajia nilidhani anasema ya mwaka mzima. Hospitali kubwa ya serikali ya wagonjwa wa akili ipo, ila mume wangu alipoisikia ikitajwa alisema maneno mengi kuliko aliyokuwa amesema kwa majuma. "Nikionekana pale, kazi imekwisha. Nani atampa mwendawazimu lori la mikate?" Mchungaji alikuja akatuombea, akala, akaenda. Mume wangu akarudi kwenye kochi na viatu vyake.

Sasa niwaambie kuhusu chama chetu. Sisi tumetoka upande mmoja wa Ukambani, na kama watu wengi wa Nairobi tuna chama cha kufa na kuzikana. Kila mwanachama anatoa mchango kila mwezi. Mtu wetu akifariki, chama kinatoa jeneza, kinakodi basi la kupeleka waombolezaji nyumbani, kinalisha watu. Ukiwa hai hakikujui sana. Tunakutana Jumapili ya kwanza ya mwezi nyumbani kwa mwenyekiti, hapa hapa Umoja. Ni karani mstaafu wa mahakama, mtu wa utaratibu. Hata chai kwake inamiminwa kwa kufuata safu ya viti. Mume wangu alikuwa hakosi mikutano hiyo, lakini alipoanza kuugua akawa anatuma mchango wake kwa simu, na mimi naenda peke yangu nasema ana tumbo.

Jumapili hiyo nilikuwa nimeketi karibu na dirisha, kikombe mkononi, nikifikiria nitamgeukia nani sasa. Akasimama mweka hazina. Huyu ni mjane, anauza nguo za watoto za mitumba, ana mwili na ana kicheko, na kwenye mambo ya mchango hana huruma.

"Ninyi watu mnanichosha," akaanza. "Kila mwezi nawafuata mpaka milangoni. Lakini leo kuna mwanamume mmoja nataka kumsifu." Akanyoosha kidole kwangu. "Mume wa huyu dada. Pamoja na hilo tumbo lake, amelipa mpaka Desemba ya mwaka ujao. Hakusukumwa na mtu. Alinipigia mwenyewe, akaniuliza kama mtu aliyelipa mbele anazikwa bila familia yake kusumbuliwa. Nikamwambia huyo tunamzika kama mfalme."

Watu wakacheka. Mwenyekiti akasema, "Huyo ni mfano mwema. Tumpigie makofi ya kilo."

Wakapiga. Nami nikapiga. Nilikuwa natabasamu, nikitazama huku na huku kama mke wa mtu anayesifiwa. Kisha mikono yangu ikasimama yenyewe.

Kwa sababu mtu huyu hakuwa amelipa kitu kingine chochote mbele. Kitasa cha choo kilikuwa kimening'inia tangu zamani, na yeye ndiye fundi wa nyumba. Kiatu chake kilikuwa kimefumuka soli na hakununua kingine. Binti yetu aliandika orodha ya vitu vya muhula ujao, baba yake akaisukuma kando akasema, "Muhula ujao ni mbali." Hakuna kilichokuwa mbele yake tena. Kesho hakuiona, Krismasi hakuiona. Aliona mazishi yake tu, na hayo akayalipia yote mpaka Desemba ya mwaka ujao, tena akauliza kama mimi nitasumbuliwa.

Nilisikia makofi yakiendelea kana kwamba yanatoka nyumba ya jirani. Nikasimama. Kikombe sijui nilikiweka wapi.

"Nipeni pesa za kumzika mume wangu," nikasema.

Makofi yakakatika. Mwanamke mmoja akajishika kifua, akauliza, "Amekufa?"

"Bado. Ndiyo maana nazitaka leo. Za jeneza, za basi, za mchele wa waombolezaji. Zote nipeni sasa. Hana tumbo. Hakuwahi kuwa na tumbo. Ana ugonjwa wa kutotaka kuishi, una jina, una dawa, na bima imekataa."

Kimya kilichoingia hapo sijawahi kukisikia kwenye mkutano wa Wakamba. Mwenyekiti akavua miwani, akaivaa tena. "Dada yangu, keti," akasema kwa upole. "Tumekusikia na tunakuhurumia. Lakini katiba yetu iko wazi. Chama kinatoa pale ambapo kuna maiti."

"Kwa hiyo nikae ningoje maiti?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema, mwenyekiti. Na bima imesema hivyo hivyo. Nyote mko tayari kabisa. Ni yeye tu anayewachelewesha."

Najua yalikuwa maneno makali kumwambia mzee nyumbani kwake, mbele ya chai yake. Sikujali. Wengine wakaanza kutazama vitambaa vya makochi. Hapo nikaona mweka hazina amekaa, mikono imelegea, na uso wake si ule wa kicheko.

"Mwenyekiti," akasema, "ya marehemu wangu haikuwa presha."

Mwenyekiti akamgeukia. "Mama, si lazima."

"Ni lazima. Mlinizikia mume wangu vizuri, na sijawahi kulalamika. Mlisema ni presha, nami nikasema presha, hata watoto wangu nimewalea na hiyo presha. Haikuwa presha." Akaushika mkoba wake wa kiunoni. "Na yeye alikuwa amelipa mbele. Mweka hazina wa wakati huo ndiye aliyeniambia, kunifariji. Akasema ona vile alikupenda, hakukuachia deni. Nilikuwa nimesahau. Haki ya Mungu nilikuwa nimesahau kabisa, mpaka huyu aliposimama. Na mimi mwenyewe nimezipokea za mume wa huyu, nikamsifu mkampigia makofi."

Kwenye ukuta wa mwenyekiti kuna saa yenye picha ya simba, na nilikuwa naitazama bila kujua inasema saa ngapi. Nilifikiria watu wote tuliowasindikiza na lile basi, wa presha na wa malaria ya ghafla na wa kuanguka bafuni. Wahenga wanasema mficha maradhi, kilio humuumbua. Kwetu hata kilio chenyewe tulikuwa tunakifundisha kusema uongo.

Mweka hazina akanigeukia. "Jumatano mkinikosa sokoni nawaambia nimeenda kuchukua mali. Siendi kuchukua mali. Naenda kituo cha afya cha serikali, kile cha nyuma ya soko. Kuna muuguzi wa mambo ya akili anaketi chumba cha mwisho, karibu na pale wanapochanjia watoto. Nalipa ile ya kadi ya mgonjwa tu, pesa ya kununua nyanya. Nimeenda tangu nilipozika."

"Si ungeniambia," nikasema. Nilikuwa karibu kulia. Nimehangaika mji mzima, na kituo chenyewe nakipita kila nikienda kununua sukuma wiki.

"Ungeniambia wewe kwanza kwamba si tumbo," akajibu.

Akasimama, akafungua ule mkoba wake wa kiunoni. "Na pesa zake za mbele zinarudi. Leo."

"Katiba," mwenyekiti akaanza.

"Katiba inasema tunatoa kukiwa na maiti. Haisemi popote kwamba tuchukue mchango wa mwezi ambao haujafika. Hizo bado ni zake. Akitaka kuzikwa na sisi, alipe mwezi kwa mwezi kama wenzake, na alete mwenyewe. Kutuma kwa simu kwake kumekwisha."

Mwenyekiti akasema, "Hilo liko ndani ya utaratibu." Na akatoa zake mfukoni akaongeza juu, bila kutazama mtu.

Tulikwenda nyumbani kwangu, mimi na mweka hazina, tukipita mbele ya maduka bila kusalimia watu. Funguo ziliniponyoka mara mbili mlangoni. Alikuwa pale pale. Kochi, ukingoni, viatu. Nikashukuru Mungu kwa vile viatu nilivyokuwa nimevichukia.

Mweka hazina hakukaa. Aliweka pesa mezani mbele yake. "Shika mali yako, shemeji. Chama hakichukui ya mbele tena."

Akaitazama. "Kwani nimefukuzwa?"

"Hujafukuzwa. Utaleta kila mwezi, kwa mkono wako. Ukikosa nitakuja hapa nikuaibishe."

Mimi nilichoka kuzunguka. Nikapiga magoti chini mbele yake ili anione, nikamuuliza, "Baba watoto, ulikuwa unataka kufa?"

Nilitarajia akane. Nilikuwa nimejitayarisha anifokee, aniambie nimepagawa. Akasema, taratibu, "Nilikuwa nimechoka. Nikaona basi la kwenda nyumbani ni ghali. Sikutaka uhangaike na basi."

Alikuwa amekaa humu ndani na mimi, namletea chai, namwambia avue viatu, na yeye anapanga nauli za watakaomlilia. Nililia kwa sauti, nikampiga kifuani kwa viganja, na nikamwambia maneno ambayo sitayaandika. Mweka hazina alienda jikoni akapika chai kama nyumba ni yake. Usiku huo hakuondoka. Alilala kwenye kitanda cha binti yangu, na mlango ukaachwa wazi.

Hatukungoja Jumatano. Asubuhi mweka hazina alitupeleka mwenyewe kwa yule muuguzi, kijana mrefu ambaye watu wote wanamwita daktari, akatupokea kabla ya wengine. Akamuuliza mume wangu yale niliyoogopa kuyauliza, moja baada ya jingine, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anauliza bei ya viazi. Mimi nilikuwa nashtuka kila swali. Mume wangu hakushtuka. Alijibu yote. Aliongea mpaka midomo ikamkauka akaomba maji, na nilipotoka kumtafutia hayo maji nikaona benchi la nje limejaa. Pale kando ya akina mama na watoto wa chanjo alikuwepo mwalimu wa watoto wa jirani yangu. Alikuwepo fundi aliyetuchomea geti. Kila mmoja alinitazama, kisha akatazama watoto wachanga kana kwamba amewasindikiza.

Sisemi amepona. Dawa wakati mwingine hukosekana pale kituoni, tunanunua duka la dawa na tunakaza mkanda. Kuna siku bado anakaa kimya, na siku hizo sijifanyi sioni. Namuuliza waziwazi, naye ananijibu waziwazi. Amerudi kwenye lori. Kitasa cha choo amekitengeneza. Juzi aliniigizia yule muuguzi anavyokuna kichwa, nikacheka, kisha nikaenda kujifungia bafuni nikalia kidogo. Bima ilipoanza upya walituma ujumbe kwamba sasa wameongeza kiasi cha ile ya mazishi. Akili bado haiko.

Na kila Jumapili ya kwanza anavaa shati la kola tunaenda kwa mwenyekiti. Mwezi uliopita kampuni yao ya mikate iliwapa kitu kidogo cha juu, basi akamhesabia mweka hazina michango ya miezi miwili. Nilimwona mama yule ameganda, na mimi nikaganda nilipokuwa.

"Hii nyingine ni ya nini?" akamuuliza.

"Ya mwezi ujao. Nisije nikaitumia."

Akamrudishia mkononi, akamfunga vidole juu yake. "Ya mwezi ujao utaniletea mwezi ujao."

Mume wangu alimtazama, akanitazama mimi, akaelewa. "Sawa," akasema. "Nitaleta." Akaiweka mfukoni, akaenda kuketi, na chai ilipomfikia akaomba iongezwe sukari.